Ngamia wa Kinu na Shamba la Bi Zuwena

Chukwani, Unguja
Mwezi wa mfungo saba

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanahawa, huko Pangani.

Nashika miguu yako, mama, kwa mikono miwili, na kichwa nimekiinamisha kana kwamba umekaa hapa mbele yangu. U hali gani? Magoti yanakupa nafasi ya kwenda kisimani, au bado dada ndiye anayekutekea? Kile kifua cha wakati wa baridi kimekuachia? Nikisikia kuwa hujambo, nami hujiona sijambo. Kama kuna linalokuuma, mwambie shemeji aliandike wazi, asinifiche kwa kunionea huruma. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naswali, na kila nikinyanyua mikono kuomba dua najikuta nashukuru kwanza, kuomba nasahau.

Shemeji yangu Mwalimu, najua ni wewe utakayemsomea mama barua hii. Soma polepole, na ukifika penye aibu yangu usiparuke. Nimeandika ili apasikie.

Mama, ujumbe wako umenifika. Yule mtu wa kwetu aliyekuja kuuza sukari guru alinitafuta mpaka akanipata, akanipa maneno yako kama ulivyomtuma: "Mwambie mwanangu nimesikia ameacha kazi ya watu, ameonekana mjini anaongoza ngamia kipofu, analia, na watu wanamcheka. Kama ameingia wazimu, arudi nimwuguze. Kama hana wazimu, anieleze ni nini."

Basi nakueleza. Ni kweli niliacha kazi. Ni kweli ngamia alikuwa kipofu, na ni kweli watu walicheka. Kulia sikulia, au kama machozi yalitoka, yalikuwa ya homa. Habari hiyo ni ya zamani kidogo, lakini aliyekuletea hakudanganya. Aliona kipande tu cha njia.

Unajua kwamba tangu nilipovuka kuja huku nilikuwa kwenye kinu cha mafuta ya ufuta, upande wa Malindi. Kinu chenyewe ni gogo kubwa lililochimbwa katikati kama vinu vyetu vya kutwangia, ila hiki mtu mzima angeweza kuingia ndani akakaa. Ndani yake mna mchi mzito, mchi umeshikwa na boriti, na kwenye boriti amefungwa ngamia. Ngamia akizunguka, mchi husaga, mafuta hushuka chini kwenye mtungi. Kazi yangu mimi ilikuwa kumzungusha ngamia, toka alfajiri mpaka jua la alasiri, ndani ya chumba kisicho dirisha.

Ngamia wa kinu hufungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu. Kwa sababu hiyo wenzangu walimpa jina la Biarusi, kwani hakuna aliyewahi kuuona uso wake wote. Tulilicheka sana jina hilo. Kila alfajiri mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, na kila jioni alipofunguliwa kulikuwa giza, tukimsukumia mashudu na maji, basi. Nilikaa naye miaka saba namna hiyo. Sikujua macho yake yana rangi gani.

Hapa ndipo penye aibu, shemeji. Alipopunguza mwendo nilimpiga. Nilikuwa na fimbo, na nilimpiga palepale begani ambapo boriti ilikwisha kumchubua, kwa kuwa hapo ndipo alipostuka upesi. Sikumchukia. Nilimpiga kama mtu anavyopiga hodi, mkono unakwenda wenyewe. Bega likawa kidonda, kidonda kikaingia ndani, nami nikawa napaka majivu juu na kuendelea.

Siku moja, kaskazi inakwisha, nami nimeamka na kichwa kizito, Biarusi alipiga magoti katikati ya mzunguko na hakuinuka tena. Nilipiga, nikavuta, nikabembeleza. Tajiri wa kinu akaja akamtazama, akatuma aitwe mchinjaji. Mchinjaji akafika, akafunua kile kidonda kwa ncha ya kisu, akarudi nyuma ameshika pua.

"Nyama hii," akasema, "hata paka wangu simpi."

Tajiri akanigeukia. "Shomari, mpeleke pwani kule nyuma ya makaburi, umwache. Maji yakijaa yatamaliza kazi. Na ufanye haraka kurudi, kesho analetwa mwingine."

Nilimwinua kwa mashudu, mama, konzi baada ya konzi, nikimwekea puani na kuisogeza mbele. Tukatoka hivyo mpaka pwani. Nilipofika nikajiambia, kwa kuwa ni siku yake ya mwisho, na aione bahari japo mara moja. Nikafungua kitambaa.

Macho yake yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikapitisha mkono mbele yake, hakupepesa. Nikapitisha tena karibu zaidi, hata vidole vikagusa kope. Hakuna kitu. Sijui alipofuka lini. Huenda ni mwaka, huenda ni miaka mitatu, na kila alfajiri nilikuwa nasimama juu ya kigoda ili nimfunge macho kipofu.

Nilimwacha, usidhani sikumwacha. Nilikwenda mpaka kwenye pembe ya makaburi, na hapo nikageuka. Maji yalikwisha kumfika kwenye vifundo. Alikuwa amesimama palepale, shingo ameinyoosha kuelekea upande niliokwenda, anainusa hewa. Hakutoa sauti. Kama angelia labda ningeziba masikio nikaenda zangu. Ule utulivu wake ndio ulionirudisha.

Nilimpitisha kinuni kumwambia tajiri ukweli. Nikamwambia, "Bwana, siwezi kumwacha."

"Basi mchukue, ni wako," akasema. "Na wewe usirudi. Ngamia asiye kazi na mtu asiye kazi, mnafaana."

Ndiyo safari ile aliyoiona huyo aliyekuletea habari. Nilipita naye njia za mjini, zile nyembamba ambazo ngamia akipita watu wanabana ukutani, na kila baraza ilikuwa na neno lake. "Ewe bwana, unauza nyama au unauza mifupa?" "Nani anamwongoza mwenzake hapo?" Homa ilikuwa imekwisha kunishika, jua linanipiga utosini, sijui nakwenda wapi. Muuza kahawa mmoja, mzee wa Kingazija, aliacha kugonganisha vikombe vyake akanisogelea.

"Una mahali pa kumpeleka?"

"Sina."

"Shika njia ya Chukwani. Ukifika, uliza nyumba ya Bibi wa punda. Anaitwa Bi Zuwena. Huyo hupokea wasiopokewa." Akanipa na kikombe cha kahawa, na kwa sababu nilikuwa natetemeka alinishikia kikombe mpaka nikamaliza. Sikupata kujua jina lake. Namwombea kila Ijumaa.

Kutoka mjini mpaka Chukwani mtu mzima huenda asubuhi akarudi adhuhuri. Sisi, kwenda tu, tulimaliza mchana wote uliobaki. Biarusi alipiga magoti njiani mara nne, na mara ya nne nami nilikaa chini nikaegemea ubavu wake. Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipofika kwenye ua wa makuti, nje yake pana punda mmoja mweupe mwenye mguu uliopinda, anatutazama kama mwenye nyumba.

Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke mzee, mfupi, mweusi, kajifunga kanga kifuani, mikono imejaa manjano mpaka viwikoni.

"Karibu. Umeleta nini?"

"Ngamia, mama. Haoni, na bega limeoza."

"Na wewe?"

"Mimi nimemleta tu."

Akanisogelea, akaniwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. "Wewe nawe umeletwa," akasema, akanishika kiwiko, na baada ya hapo sikumbuki.

Mwanamke huyo si Bi Zuwena, ni mwenzake, jina lake Bi Sikujua. Aliniuguza, mama, kama ungeniuguza wewe. Walinilaza kwenye kibanda kimoja cha majani, upande mmoja mimi, upande wa pili ng'ombe asiyezaa tena, na Bi Sikujua alikuwa akitoka kwa huyu anaingia kwa huyu na bakuli moja moja. Uji wangu ulitoka nyumba kubwa, kwa Bi Zuwena mwenyewe, umetiwa pilipili manga na tangawizi. Nilipopata nguvu za kukaa, kitu cha kwanza nilichokiona ni Biarusi, amepiga magoti kwenye mchanga chini ya mti wa mkungu, na Bi Sikujua anamtoa funza begani kwa kijiti cha mnazi, mmoja mmoja, huku anamzungumzia habari za bei ya samaki.

Siku hiyo nilimwona Bi Zuwena kwa mara ya kwanza. Ni mjane wa ukoo wa Kiarabu, mwembamba, mweupe wa nywele, na sauti yake ni ndogo hata inabidi mtu anyamaze ili amsikie. Alisimama mbele ya ngamia, akalitazama bega, akauliza bila kunigeukia:

"Nani aliyempiga hapa?"

Ningeweza kusema tajiri. Ningeweza kusema boriti. Nikasema, "Mimi, Bibi."

Akasema, "Basi utamwosha wewe," akaingia ndani.

Nikamwosha. Kila asubuhi na kila jioni, maji ya moto ya chumvi, kisha manjano yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Siku za mwanzo akinisikia nakaribia, ngozi ya bega ilimcheza yenyewe, ikingojea fimbo. Hilo lilinichoma kuliko kofi. Niliendelea, nikawa natanguliza sauti kabla ya mkono, kama nilivyomwona Bi Sikujua, namweleza habari za Pangani, za wewe, za mto wetu na viboko wake. Sijui ilikuwa siku gani, lakini kuna asubuhi niliweka mkono begani na ngozi haikucheza. Nilikaa chini na kitambaa changu cha maji. Hapo nakiri kuwa nililia, na homa sikuwa nayo.

Ningependa uwaone walivyo hapa, mama. Kuna yule punda mweupe wa mguu uliopinda, jina lake Chokaa, kwa kuwa alibeba chokaa ya wajenzi mpaka mgongo ukabonyea kama mtumbwi. Kuna punda wawili waliokuwa wakibeba maji mjini, ndugu, ukimtenga mmoja mwenzake hali. Kuna ng'ombe wa gari, mkubwa, pembe moja imevunjika, anayekohoa kama babu. Kuna mbuzi wenye macho mabovu. Kuna hata mbwa. Shemeji usikunje uso, yeye hukaa nje ya ua na ana chombo chake mwenyewe, na Bi Zuwena akipita karibu naye hukusanya nguo zake, huku anamwuliza kama ameshiba. Hakuna hata mmoja hapa anayefanya kazi. Wanakula, wanalala juani, wanagombana kidogo, na siku yao ikifika wanakufa wakiwa kwao.

Nilimwuliza Bi Zuwena jambo hili lilianzaje. Ilikuwa adhuhuri, tunachambua majani ya punda wenye meno mabovu, maana nao hulishwa laini.

"Nilipokuwa mke mpya," akasema, "uchungu wa kuzaa ulinikuta shamba, mbali na mkunga. Walinipandisha juu ya punda jike wa mume wangu, akanileta mjini mvua inanyesha, hakuteleza hata mara moja. Mtoto alikufa. Mimi nilipona kwa sababu ya yule punda. Miaka ikapita. Siku moja natoka harusini na wenzangu, nikamwona amelala kando ya njia, mzee, watoto wanamrushia mawe. Mume wangu alikuwa amemtupa. Nilimjua, na yeye alinyanyua kichwa. Nilivuta ukaya wangu nikajifunika uso, nikapita. Niliona haya mbele ya wenzangu." Akaweka fungu la majani chini. "Mume wangu alipokufa na shamba hili likawa langu, nilikwenda mwenyewe kutafuta punda wa kwanza."

Bi Sikujua naye nimweleze. Aliletwa kisiwani akiwa mtoto mdogo kabisa, katika ule utumwa, na walipomwuliza kwao ni wapi alijibu "sikujua," likawa ndilo jina. Alinunuliwa na nyumba ya mume wa Bi Zuwena. Hakuna anayelificha hapa. Utumwa ulipoondolewa akapewa karatasi yake. Alinihadithia mwenyewe: "Nilitoka na karatasi yangu mpaka njia panda nikakaa. Kushoto simjui mtu, kulia simjui mtu. Nikarudi, nikamwambia Bi Zuwena, sasa nnakaa kwa hiari yangu, na ukiniita usinipigie kelele." Toka siku hiyo, asema, hajapigiwa kelele. Wanakula sinia moja.

Sasa lililotufika baadaye. Mwaka jana masika yalipoanza, Bi Zuwena alishikwa na maradhi ya kifua. Akawa hatoki chumbani. Mrithi wake ni mtoto wa kaka yake, Bwana Seif, anayekaa mjini. Si mtu mbaya, mama. Alikuja kila wiki kumwona shangazi yake na hakuja mikono mitupu. Lakini alikuwa akisimama kwenye baraza akilitazama shamba, akisema, "Ardhi nzuri ya minazi hii, imekaliwa na vilema." Siku moja alinambia waziwazi: shangazi akifariki, niwe tayari kuwaondoa. Nikamwuliza, wapelekwe wapi? Akasema, "Utajua wewe uliyezoea kuongoza ngamia vipofu."

Nilikosa usingizi kwa maneno hayo. Niliona tena ile pwani ya nyuma ya makaburi, safari hii nawaongoza kumi na wanne, Chokaa mbele.

Bi Sikujua akamwambia Bi Zuwena, kwa maana wao hawafichani. Bi Zuwena akasema, "Niitieni Kadhi. Nataka kuliweka shamba wakfu, lisirithiwe wala lisiuzwe."

Kadhi akaja mwenyewe kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda mjini. Ni mtu mzima, mnene, na alitokwa na jasho sana. Bwana Seif alikuwapo. Bi Zuwena alilala kitandani, amejifunika ukaya wake, akasema alitakalo kwa ile sauti yake ndogo: shamba, kisima na nyumba viwe vya wanyama waliozeeka na wanyama wagonjwa, milele, na nazi zake ziwalishe.

Bwana Seif akasema, "Bwana Kadhi, watu huweka wakfu misikiti. Huweka wakfu kwa mayatima. Nani aliyesikia wakfu wa punda?"

Kadhi akamgeukia mgonjwa, akasema, "Bi Zuwena, mimi naona jambo moja. Wakfu haufi, na wanyama hufa. Hawa wakimalizika, wakfu wako utamlisha nani?"

Nilimtazama Bi Zuwena, naye alifumba macho kama aliyechoka. Ndipo sauti ya Bi Sikujua ikatoka nyuma ya pazia la mlango.

"Bwana Kadhi, niwie radhi. Watu wameacha kupakiza punda?"

"Nani huyo? Hawajaacha."

"Na punda wameacha kuzeeka?"

Kadhi alicheka, mama, mpaka akashika kilemba kisidondoke. "Hawajaacha," akasema. "Kweli, hawajaacha. Swali langu limejibiwa." Akamwamuru karani atayarishe wino. Lakini kisha uso ukamrudi mzito. "Limebaki la pili, nalo ni zito zaidi. Mtu aliyelala kitanda cha mauti hawezi kutoa zaidi ya theluthi ya mali yake ila warithi waridhie. Mimi nakuona umelala, Bi Zuwena. Nami sitaki kuandika karatasi itakayochanwa kesho." Akamtazama Bwana Seif. Bwana Seif akatazama sakafu.

Bi Zuwena akafumbua macho. "Sikujua," akaita.

"Naam."

"Nipe mkono."

Akaketi. Akapumzika. Akasimama. Mwezi mzima hakuwa amekanyaga nje ya mlango ule. Akauachia mkono wa Bi Sikujua, akashika ukuta, akatoka. Na sisi sote nyuma yake, Kadhi, karani, Bwana Seif. Penye mtungi akachukua kata ya kifuu akaijaza maji. Nilitaka kumpokea, Bi Sikujua akanizuia kwa kiwiko. Kutoka mtungini mpaka kwenye mkungu ni hatua chache tu, lakini siku ile ilikuwa mbali kuliko mjini na Chukwani. Maji yalimwagikia kwenye nguo yake. Alisimama mara mbili kukohoa, na kata hakuiweka chini. Alipomfikia Biarusi alisema kwanza, "Ni mimi," kisha akamwekea kata mdomoni. Biarusi akanywa yote.

Kadhi akasema taratibu, "Mimi nimemwona mwanamke anayetembea."

Lakini aliyenishangaza ni Bwana Seif. Alikwenda akaichukua kata mkononi mwake, akampa bega lake aegemee, na uso wake ulikuwa umelowa. "Basi, shangazi," akasema. "Basi, rudi ulale. Naridhia. Niandikwe kuwa nimeridhia."

Ikaandikwa. Ikatiwa na hili, kwamba kama itafika siku Unguja nzima haina mnyama mzee wala mgonjwa, nazi za shamba ziende kwa masikini. Msimamizi akaandikwa Bi Sikujua, na baada yake mwanao Shomari bin Kibwana, mtu wa Pangani. Karani aliniuliza jina la baba mara mbili kwa kuwa sikuweza kulitamka vizuri.

Bi Zuwena yu hai, namshukuru Mungu. Hakupona akawa kijana, ila kila asubuhi tunamtoa barazani, na wanyama wanapita mbele yake, naye anawaita majina.

Biarusi ametutangulia. Alikaa nasi mwaka mmoja na zaidi. Bega lilipona kabisa, likaota manyoya mapya, laini kama ya mtoto wa ngamia. Asubuhi moja baada ya swala nilikwenda na maji yangu kama kawaida, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuosha. Ilikuwa ni mazoea yetu tu. Nilimkuta amelaza shingo mchangani, anapumua kwa mbali. Nikakaa, nikaweka mkono begani. Bi Sikujua akaja akakaa upande wa pili. Hakuna aliyemwambia inuka. Jua lilipofika juu ya ua alikuwa amekwisha kwenda. Bwana Seif alituma watu wawili na majembe, maana kaburi la ngamia si kazi ya mtu mmoja.

Basi ndiyo hayo, mama. Wazimu sina. Kama upo, ni wa nyumba nzima, na hata Kadhi ameutia mhuri. Nitakuja kukuona kabla ya masika, nikae nawe siku ishirini, nikutekee maji. Kukaa moja kwa moja sitaweza, nami naomba radhi yako kwa hilo, kwa sababu neno langu limeandikwa hapa na kuna wanaongoja sauti yangu asubuhi. Kama utaweza kusafiri, njoo wewe. Bi Zuwena mwenyewe amesema chumba cha upande wa kisima ni chako.

Nisalimie dada Mwanaidi, mtunzaji wako, mwambie kila goti lako linapouma najua ni mgongo wake unaobeba mtungi. Nisalimie shemeji Mwalimu, macho yako ya kusomea, namshukuru kwa kutoruka. Nisalimie mjomba Kibao, fundi wa mitumbwi, na shangazi Mwanamvua, mkunga aliyenipokea. Na Bi Kidawa, jirani wa ukuta mmoja, ikiwa mmekwisha kupatana.

Nimo katika kuandika hizi salamu, Bi Sikujua amekuja kusimama nyuma yangu. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia, napeleka salamu kwetu. Akatazama karatasi muda mrefu, naye hajui kusoma. Kisha akasema, "Tia na yangu. Tangu nimeletwa kisiwa hiki sijapata kumpelekea mtu salamu."

Nikamwuliza, "Niseme nini?"

Akajifuta manjano kwenye kanga. "Sema Sikujua anamsalimu mama yake Shomari. Sema mimi sijambo. Kisha umwulize na yeye hajambo?"

Basi nimekuuliza kwa niaba yake, mama. Mtakapojibu, usimjibu kupitia kwangu. Mwambie shemeji aandike jina lake juu ya karatasi, peke yake, na ndani umwambie hujambo. Nitamsomea.

Wako mtiifu, anayekuombea uhai,
mwanao Shomari